Mume anataka mtoto aitwe jina lake, mie sitaki

SWALI

Assalamu alaykum Shangazi. Mie niko Wete, nna watoto wawili wa kike na juzi juzi Mungu kanijaalia wa kiume, na hapo ndo balaa lilipoanza. Mume wangu anataka mtoto aitwe jina lake yeye mwenyewe. Tuseme yeye ni Kombo Faki Hamad (silo lenyewe, nisije nikaachwa kwa sababu ya gazeti), basi mtoto atakuwa Kombo Kombo Faki. Mie nataka Rayyan. Nikamwambia kama ni kurithisha basi tumpe la babaake, Faki, anasema kina Faki washajaa kaka zake wote wamempa mzee somo, yani mtoto wa jina lake, siku ya Idi ukiita Faki wanageuka nusu ya watoto uwanjani. Shangazi mie tangu nimeolewa mume simwiti jina, namwita baba fulani, leo nisimame mlangoni nipige kelele Kombo njoo uoge? Halafu bi mkwe nae kaja juu, anasema baba yu hai mtoto apewe jina lake ni kumtakia mauti mwanawe, mume akadhani mie ndo nimemtia maneno mamaake. Sasa niko kwa mama arubaini haijesha, siku ya saba imepita bila akika, kwenye simu tunasalimiana tu basi, na mtoto hana jina, mama anamwita Mgeni. Nifanyeje?
Mama Mgeni, Wete

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, na hongera, Mungu amkuze. Fanyeni haraka kabla hilo Mgeni halijaganda, maana nalo ni jina na wako wazee wazima wanaitwa hivyo mpaka leo.

La bi mkwe nalimaliza upesi. Kwetu mtoto aliyezaliwa baba keshafariki mara nyingi ndo hupewa jina la babaake, sasa mama akisikia mwanawe yu mzima na jina limeshahamia kwa mtoto moyo unamruka. Ni khofu ya mzazi, msimcheke, lakini haina hukmu ya dini ndani yake na kina Juma Juma na Khamis Khamis wenye baba zao hai tunao tele. Na mumeo mwambie wazi kwamba maneno yale si yako, mwambie leo, hilo usilingoje.

La haya yako, samahani, silinunui. Wangapi wamezaa watoto wenye majina ya wakwe zao, ambao hawathubutu kuwataja, na wanawaita Babu toka wananyonya mpaka wanaoa? Ungemwita Bwana Mdogo na maisha yangeendelea. Wala Rayyan usinambie ni jina la peke yake, zuri kweli, ni mlango wa peponi wa wafungao, ila ingia skuli yoyote darasa la kwanza uite Rayyan uone watainuka wangapi, utarudi kwenye uwanja ule ule wa kina Faki.

Lakini kwenye jambo lenyewe niko na wewe, na sababu yangu nataka aisikie mumeo. Majina yetu yanakwenda kwa zamu. Mtoto anabeba lake, la baba na la babu, na akija kupata wa kiume anamrudishia babaake jina. Tazama kina Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa Abeid Amani Karume, mwanawe aliyekuja kuwa Rais mwaka 2000 ni Amani Abeid Karume, yani jina la babu limerudi kwa mjukuu na jina la baba liko pale pale katikati. Mumeo anaogopa jina lake litapotea na wala halipotei, mtoto akiwa Rayyan Kombo Faki basi kila cheti atakachokamata maisha yake yote Kombo yumo, na Mungu akipenda mjukuu atakuja Kombo Rayyan Kombo. Akilitumia sasa hivi kakata foleni ya mjukuu wake mwenyewe, maana mwanawe akitaka kumpa babaake somo itakuwa Kombo Kombo Kombo, na hapo ndo watu watacheka kweli.

Kuna na la makaratasi, hili watu hawalifikirii. Karani akiona Kombo Kombo anadhani kidole kimegonga mara mbili, anafuta moja, anajazia la tatu. Mtoto keshakuwa Kombo Faki Hamad, jina kamili la babaake, na ukilisoma kama linavyosomwa huyo si mtoto wa Kombo tena, ni mtoto wa Faki, kaka mtu wa baba yake! Kuja kulirekebisha mtoto yuko kidato cha nne ni viapo na nenda rudi mpaka mtachoka.

Nisikufiche kitu, masheikhe wengi husema wazazi wakigombania jina neno la mwisho ni la baba. Kwa hiyo usende kwa ubishi, wala usimtumie ujumbe mrefu wa WhatsApp, mwite aje kumuona mtoto, apewe chai, umuoneshe hiyo zamu ya majina kwenye karatasi kwa mkono wako. Ukiona Rayyan linamkera basi liache, mtafute jingine ambalo halina mwenyewe kati yenu. Na jina halingoji akika, Mtume (SAW) alipozaliwa mwanawe alimpa jina la Ibrahim usiku ule ule, akasema ni jina la babaake, Nabii Ibrahim. Akika saba ikipita watu hufanya ya 14 au 21, na hizo zikipita mbuzi wawili watachinjwa mkipata uwezo.

Akishikilia lake pamoja na yote hayo, mpe. Ila siku ya cheti cha kuzaliwa uende na wewe mwenyewe, usimuachie wifi, na usitoke afisini mpaka umesoma Kombo zote mbili kwa macho yako.