Kwato za mbuzi wa maziwa: acha kumpiga mieleka

Mkuu, nimekusoma. Mbuzi wawili wa maziwa, kwato zimepinda mbele kama pua ya ngalawa, na kila ukisogea na kisu banda linageuka uwanja wa mieleka. Nakujibu kwa yaliyonikuta hapa Pongwe, Tanga, nina mbuzi saba.

Ukwato ni kama ukucha wako, haupumziki kukua. Mbuzi wa kienyeji anayeshinda juu ya miamba ya matumbawe huko pwani hana haja na mkasi wa mtu, jiwe linamsugua. Wako anakaa juu ya mabanzi na mabingobingo analetewa mdomoni, atajisugulia wapi? Mimi nakata kila baada ya wiki 6 hadi 8. Ukizembea, ukingo unajikunja chini ya wayo, samadi na mkojo vinajibana humo, ndani panaoza. Ukimkuta anakula huku amepiga magoti, ujue umechelewa.

Mwaka wa kwanza nilifanya kama wewe. Nikaita vijana watatu, wakamwangusha, mmoja kamkalia shingoni. Alipokurupuka mkono ukateleza, nikakata hadi kwenye nyama. Akachechemea wiki nzima na maziwa yakashuka, na tangu siku ile akiona mkasi, hata wa kukatia nguo, anataka kupanda ukuta. Bibi jirani yangu, Mbondei wa Muheza aliyefuga mbuzi kabla sijazaliwa, alikuja kutazama akaniambia, "Mwanangu, kapewa miguu minne, wewe unamkata hana hata mmoja!"

Ndiyo akanifundisha. Kazi yenyewe inaanza siku kumi kabla ya mkasi. Kila ukimaliza kukamua, pitisha kiganja toka begani au nyongani mpaka chini, unyanyue mguu kidogo, uurudishe. Basi. Kesho uushike muda mrefu kidogo. Na hapa ndipo wengi tunaharibu: akirusha teke tunamwachia. Naye anajua teke limelipa! Akivuta, mkono wako uufuate mguu bila kuubana, akitulia ndipo uushushe. Mguu uteremke kwa ruhusa yako, siyo yake.

Siku ya kukata iwe asubuhi na mapema, jua halijakali. Mfunge kwenye nguzo kamba fupi, ndoo ya pumba mbele yake, ubavu mmoja ukutani na paja lako ubavu wa pili. Najua Tanga na katani ni ndugu, lakini kamba ya katani shingoni inakwaruza. Mimi natumia kanga kuukuu. Mguu wa mbele ukunje gotini. Wa nyuma uupeleke nyuma, unakokwenda wenyewe anapotembea. Ukiuvutia pembeni unamuumiza nyonga, halafu unamwita mkorofi. Usiunyanyue juu sana pia, atakosa mizani.

Mkasi ni ule wa kupogolea michungwa, uwe mkali. Chokonoa uchafu kwa kijiti kwanza uone unachokata. Ondoa ukingo uliojikunja, kisha ncha ya mbele, kisha kisigino kama kimezidi, vipande vyembamba vyembamba. Kipimo changu ni pale nywele zinapokutana na ukwato: wayo ulale sambamba na mstari ule. Ndani pakiwa peupe endelea, pakianza wekundu wa mbali kama ukucha wa mtoto, simama hapo hapo. Kwa hizo ngalawa zako usitake kumaliza siku moja. Punguza leo, rudi baada ya wiki mbili tatu, maana nyama ya ndani nayo hurefuka pamoja na ukwato.

Wakati wa masika ukwato ni laini, unakatika kama muwa. Kiangazi cha Januari na Februari unakuwa pembe kabisa. Mwache asimame kwanza kwenye majani yenye umande, au mfunge kwatoni gunia lililoloweshwa, kwa nusu saa.

Ukimkata hadi damu, usipige kelele. Weka unga safi wa mahindi, gandamiza kwa kitambaa dakika chache, damu ikikata paka iodini na alale pakavu. Mbuzi hupata pepopunda kupitia jeraha, kwa hiyo muulize bwana mifugo kama anahitaji sindano. Na ukisikia harufu mbaya katikati ya vidole, huo ni uozo na unaambukiza: safisha mkasi kwa dawa kabla ya kwenda kwa mwingine, umwite bwana mifugo. Mimi aliniambia niwasimamishe kwenye maji ya zinki salfeti ya asilimia 10, wakapona. Mwenye mimba ya mwezi wa mwisho muache azae kwanza.

Umesema mmoja mpole na mmoja mkorofi. Anza na mpole, mguu wa mbele mmoja tu, na yule mkorofi umfunge karibu aone mwenzake anavyobwia pumba. Wa kwangu ilipofika siku ya tatu alikuwa anasukuma kwa kichwa apewe zamu.