Maswali na majibu: mekoni pa kutulia

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini na viunga vyake, na karibu zote zinauliza namna ya kupata jiko ambalo mtu akiingia hatamani kutoka mbio. Nimechagua sita.

Shikamoo somo. Nimepanga Ngamiani, jiko langu ni dogo na dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani. Nataka liwe tulivu kama yale ninayoyaona kwenye simu: meupe, kaunta tupu. Nianze na rangi gani? – Mpangaji

Marahaba. Rangi iache kwanza, anza na hewa. Majiko ya kwenye simu hayajawahi kukaangiwa dagaa. Kinachomchosha mtu mekoni ni joto lililoganda na moshi, na dirisha moja haliwezi kuviondoa, kwa sababu hewa ikiingia inataka pa kutokea. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kuweka tofali za matundu juu kabisa ya ukuta, karibu na dari, upande wa uani. Hewa ya moto hupanda, nayo itatokea hapo. Akikataa, funga feni ndogo ya kuvuta hewa mahali pa kioo kimoja cha dirisha. Ukiwa unapikia mkaa, jiko litoke nje, na hapo sina majadiliano: hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua.

Kaunta tupu nayo ni ya picha. Unachogusa kila siku, yaani chumvi, kisu, upawa na sufuria ya chai, kikae mkono unapofika. Sahani za wageni ndizo za kufichwa.

Nimejenga Mikanjuni na nina kaunta ndefu nzuri. Lakini mama mkwe akija hukaa chini na mbuzi yake katikati ya njia, anakuna nazi huku watoto wanamruka. Nimwambieje bila kumuudhi? – Mke wa mwanawe

Usimwambie kitu, mwenzangu. Mwenye kosa hapo ni ramani ya jiko. Kuna kazi za kusimama na kuna kazi za kukaa, na mafundi wetu siku hizi wanajenga za kusimama tu. Nazi hukunwa mtu akiwa ameikalia mbuzi, uzito wake ukiishikilia isicheze. Kuchambua mchele na kuchuma mchicha pia ni kazi za kukaa. Mtengee pembe karibu na mlango wa uani, nafasi ya mita moja kwa mita moja inatosha. Mwanga uingie kwa ubavuni, ukutani pawe na misumari miwili ya kutundikia kifumbu na ungo, na rafu fupi usawa wa goti ya kuwekea bakuli la tui. Bomba la maji la chini, likipatikana, ni zawadi kubwa kwa magoti yake.

Ukiwa na fundi hapo hapo, ongeza kibaraza cha kukalia chenye kimo cha sentimita 40 hivi. Si cha kazi, ni cha shoga aliyekuja kupiga soga wakati wewe unakoroga. Mimi nakiona kina faida kuliko kabati lolote la juu.

Na hiyo kaunta ndefu, ipime. Simama wima, kunja kiwiko, kisha shuka sentimita 10 hadi 15: hapo ndipo pa kukatia vitunguu. Kwa wengi inaangukia karibu sentimita 90. Pa kukandia unga na kusukumia chapati pashuke zaidi kidogo, maana pale unasukuma kwa mabega.

Naanza msingi Pongwe. Mchora ramani anasema jiko na sebule viwe kitu kimoja, ndiyo mtindo. Una maoni gani? – Baba wa watatu

Maoni yangu ni kwamba mchora ramani hajanusa sebule yenye makochi ya kitambaa siku ya samaki wa kukaanga. Muulize upepo. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi mpaka karibu Oktoba, na kaskazi inatoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi. Zote mbili zinasukuma kuelekea magharibi. Jiko likikaa upande huo, harufu inatoka nyumbani. Likikaa mashariki, biriani ya saa sita utaikuta kwenye mashuka. Ubaya wa magharibi ni jua la alasiri, kwa hiyo paa litokeze upate baraza pana, na mwarobaini upandwe mapema. Ukitaka kuwaona watoto ukiwa unapika, toboa dirisha la kupitishia chakula.

Nakaa Raskazone. Makabati ya MDF yamevimba chini na bawaba zimeota kutu. Nibadilishe kampuni? – Mchoshwa

Badilisha vifaa. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ikinywa maji kwenye ukingo hairudi tena. Na hapo bahari iko mlangoni, chumvi inakula chuma. Jenga kuta fupi za tofali, mwaga zege juu, bandika marumaru, halafu milango tu ndiyo iwe ya mbao. Mtiki unapandwa karibu, Longuza kule Muheza, na unavumilia unyevu. Bawaba ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Pesa ikikwama, shona pazia la khanga. Linapitisha hewa na linafulika.

Taa nyeupe au ya njano?

Zote, kwa swichi mbili. Nyeupe juu ya kaunta, uone mawe kwenye mchele. Ya njano, boksi lake limeandikwa 2700K au 3000K, kwa saa za chai ya usiku. Ukuta chokaa nyeupe, ila nyuma ya jiko paka rangi ya mafuta, inafutika.

Naweza kufukiza udi jikoni ili kutuliza harufu? Natumia gesi. – Bi harusi, Makorora

Hapana, mwanangu. Gesi hutiwa harufu makusudi ili ikivuja uijue, na udi utaifunika. Tena chetezo ni moto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo mtungi ukae nje ukiwa wima, na pawe na tundu chini ya ukuta. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango, wala usiguse swichi ya taa. Udi ni wa sebuleni na chumbani.