Kabla ya Kununua Vipande vya REIT, Soma Deni Lake na Mikataba ya Wapangaji

Jengo zuri halitoshi. REIT ni mfuko unaokusanya fedha za wawekezaji, kununua majengo na kuwagawia kodi ya pango; kipande ni sehemu yako ndani yake. Fahari, REIT ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, uliuza vipande kwa shilingi 20 mwaka 2015. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kutoka kwa shilingi 11 kwa kipande, na hata hiyo ilikuwa juu ya bei ya sokoni. Ukitaka kujua mfuko wako utastahimili vipi uchumi ukibadilika, anza na riba.

Februari 2024 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilifika 13%, na hatifungani ya miundombinu (mkopo ambao serikali huchukua kwa wawekezaji) ikalipa zaidi ya 18% bila ushuru. Anayepata kiasi hicho serikalini ana sababu gani ya kushika kipande kinacholipa 7%? Atauza, na wenzake watauza, na bei ya kipande itashuka.

Hilo ni la sokoni. Ndani ya mfuko mambo huwa mazito zaidi. Chukua mfuko unaobaki na kodi ya pango ya shilingi milioni 80 kwa mwaka baada ya gharama za majengo. Soko likiridhika na faida ya 8% kwa mwaka, mthamini atagawanya kodi hiyo kwa 8% na kuandika thamani ya bilioni 1. Likidai 10%, ataandika milioni 800, ingawa hakuna mpangaji aliyehama. Sasa weka deni la milioni 300. Lilikuwa 30% ya mali, limekuwa 37.5%, bila mfuko kukopa hata senti moja zaidi. Kwa mifuko ya mapato, yaani inayoishi kwa kodi ya pango, kanuni za Kenya zimeweka ukomo wa kukopa kuwa 35%, kwa hiyo mlango wa mkopo mpya umefungwa. Akiba nayo ni haba, kwa kuwa mfuko hulazimika kugawa angalau 80% ya mapato yake halisi. Kinachobaki ni kuuza jengo wakati bei ziko chini, au kutoa vipande vipya kwa bei ya hasara.

Kwa hiyo fungua ripoti ya mwaka kwenye maelezo ya mikopo. Angalia kama riba inabadilika au haibadiliki, mkopo ni wa shilingi au wa dola, na unaiva lini. Mkopo wa riba inayobadilika unaoiva ndani ya miezi 18 unanitia wasiwasi kuliko duka tupu.

Mfumuko wa bei husomwa kwenye mikataba ya upangaji. Ulipofika 9.6% Oktoba 2022, mkataba unaopandisha kodi kwa 5% kwa mwaka ulikuwa unampunguzia mwenye jengo thamani ya mapato yake. Nchini Kenya maduka yenye mkataba usiozidi miaka 5 hulindwa na sheria, na kodi haipandishwi kiholela. Ndiyo maana utakuta mikataba mingi ya miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Hosteli za wanafunzi hupanga bei upya mara nyingi zaidi, hivyo huuwahi mfumuko mapema kuliko ofisi.

Kodi ya dola huvutia kwenye karatasi. Lakini shilingi ilipodhoofika hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024, mpangaji anayeuza kwa shilingi alibebeshwa mzigo ambao mauzo yake hayakuweza kuubeba. Akihama, mfuko hupoteza kodi na pia hubeba ada ya huduma ya nafasi ile: walinzi, usafi, dizeli ya jenereta.

Mtazame pia mpangaji mkuu. Supamaketi za Nakumatt na Tuskys zilipoanguka, maduka madogo yaliyotegemea wateja wao yalitikisika vilevile. Mpangaji mmoja akilipa zaidi ya 30% ya kodi yote na mkataba wake unaisha ndani ya miaka 2, usikubali bei ya juu.

Kisha piga hesabu ya siku mbaya: punguza kodi kwa 10%, ongeza riba kwa pointi 3 za asilimia. Kwa mfuko wetu wa mfano, tuseme deni lake la milioni 300 lina riba ya 10%, milioni 80 inakuwa 72, riba inapanda kutoka milioni 30 hadi 39, na kinachobaki kinashuka kutoka 50 hadi 33. Gawio la 80% kwa vipande milioni 50 linatoka senti 80 hadi takriban senti 53. Bei ya kununulia ipime kwa hizo senti 53.