Mgunga wa bonsai Malindi: shina kwanza, sahani baadaye

Wanaokuja kutazama migunga yangu ya bonsai, yaani miti inayodumazwa kwenye vyungu bapa tunavyoviita sahani, hapa Malindi mara nyingi hawaniulizi habari ya kupogoa wala ya waya wa kupindia matawi. Huuliza, "Sahani kama hii waipata wapi?" Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Mtu ana mche mwembamba wa unene wa kalamu, na tayari anataka kuutia kwenye sahani ya kina cha vidole vitatu apige picha. Mche huo huenda ukaishi, lakini utabaki kalamu. Shina hunenepeshwa na majani mengi juu na mizizi mingi chini, na kwenye sahani hayo mawili hayapatikani. Uache mti ukue ovyo kwanza, upate kiwiliwili, halafu ndipo uanze kuudumaza. Ushauri wangu karibu wote umo humo.

Mgunga ninaousema ni ule wa mwavuli, unaoanza kukutana nao ukiiacha pwani kuelekea bara, njia ya Langobaya na kuendelea upande wa Tsavo. Utaujua kwa miiba yake ya aina mbili katika tawi moja, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda, na kwa maganda yake yaliyojisokota. Usiuchanganye na mathenge, uliotapakaa upande wa Tana River, ambao maganda yake ni marefu ya manjano yasiyojisokota. Huo usiulete nyumbani kabisa. Ukitafuta habari mtandaoni andika jina lake la kitaalamu, Vachellia tortilis, si lile la zamani la Acacia tortilis. Tangu uamuzi wa wataalamu wa mimea kule Vienna mwaka 2005, jina Acacia limeachiwa hasa jamaa zake wa Australia, na utunzaji wa miti ile si huu.

Mbegu nzuri hazinunuliwi. Mbuzi hupenda sana maganda ya mgunga, na mbegu zikishapita tumboni mwao huota kwa urahisi kuliko za kuchuma mtini. Mwombe mfugaji akuruhusu kuchambua samadi zizini. Ukiona mbegu yenye kitundu, itupe, fukusi ameshaimaliza. Zilizobaki zimwagie maji ya moto (yasiwe yanayotokota) uziache zilale humo. Asubuhi zilizovimba zipande. Zile ngumu zikwaruze ganda upande mmoja kwa kikata kucha, uziloweke tena.

Mche ukishapata majani machache ya kweli, ung'oe taratibu uutazame chini. Utashangaa. Juu una urefu wa kidole, chini mzizi mkuu umeshuka maradufu ya hapo. Porini mzizi huo ndio uhai wake, maana unayafuata maji mbali sana ardhini. Sisi hatuuhitaji. Ukate nusu, kisha upande mche juu ya kipande cha kigae kilichofukiwa kidogo, ili mizizi ya pembeni ilazimike kutambaa pande zote. Kazi hii ikiachwa hadi mti uwe mkubwa, inakuwa upasuaji.

Ukiitazama mizizi, utaona vinundu vidogo. Si ugonjwa. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu-waridi ndani, bakteria wanaoishi humo wanafanya kazi ya kuutengenezea mti naitrojeni kutoka hewani. Ndiyo sababu simwagi mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia. Ukiizidisha, majani yanakuwa makubwa na vifundo vya tawi vinaachana mno, na kwa bonsai hilo ni hasara. Samadi kidogo iliyokaa ikaiva inatosha. Na kila ukihamisha mti, bakisha udongo kidogo wa zamani ili wale bakteria wahame nao.

Kwa miaka ya kunenepesha tumia debe, ndoo kuukuu, au ardhi yenyewe kama una uwanja. Udongo wangu ni mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, tofali la kuchoma lililopondwa ukubwa wa punje za mahindi, na samadi kidogo. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata kama uko mlangoni. Una chumvi, na umejaa chokaa ya kombe na matumbawe.

Chumvi ndiyo adui halisi wa huku kwetu. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi. Mgunga utayanywa miezi kadhaa bila kulalamika, kisha ncha za majani zinageuka kahawia na mdomo wa chungu unafanya utando mweupe. Tumia maji ya mfereji, au kinga ya mvua wakati wa masika. Na ule msemo kwamba mgunga ni mti wa ukame hauna haja ya kumwagiliwa, usahau. Ukame unauvumilia ukiwa na ule mzizi mrefu, nawe umeshaukata. Kaskazi likivuma Januari na Februari, sahani ya kina kifupi hukauka kabla ya alasiri. Jioni majani yatajikunja, hiyo ni tabia yake ya kila siku, lakini yakijikunja saa nne asubuhi ingiza kidole kwenye udongo.

Sasa kukata. Shina likishafikia unene unaoutaka, subiri mvua za masika zianze, kisha kata juu. Wengi hulegea mkono hapa, maana mti umekuwa mrefu, umependeza, na jirani anautazama. Mzee mmoja alisimama uani kwangu akaniuliza, "Mwanangu, mti wa watu wautesa nini?" Nikamwambia, mzee, huko porini twiga na mbuzi wanaukata kila siku na hauwashitaki. Alicheka, lakini sidhani kama alikubali.

Usikate sawasawa na pale unapotaka tawi jipya litokee. Mgunga hukauka kuteremka chini kutoka kwenye jeraha, kwa hiyo acha kisiki cha ziada juu ya kifundo. Kikishakauka chenyewe na machipukizi yakishakomaa, ndipo ukisafishe. Matawi nayo ni hivyo hivyo: usikate tawi likabaki halina jani hata moja, laweza kufa lote. Katika machipukizi yanayozuka, chagua moja liwe kiongozi, uliache lirefuke tena, kisha ulikate. Kila ukirudia hivyo shina linapungua unene kwa hatua kuelekea juu, na jicho la mtazamaji linauona mti mkubwa wa mbali.

Umbo la kulenga mti wenyewe umeshalichagua. Mitindo ya Kijapani ya msonobari, yenye matawi yaliyoinama na kilele chenye ncha, naiona haiufai hata kidogo. Waafrika Kusini wana mtindo wao wenye jina la mchoraji J. H. Pierneef (1886–1957), aliyechora miti ya nyikani yenye vichwa vya mwavuli: shina tupu sehemu kubwa, kisha matawi yanayopanuka kwenda juu na nje, na kilele bapa. Kwa mgunga wetu ndio huo. Kila chipukizi linalosimama wima juu ya kilele liondoe. Linaloelekea pembeni liache.

Waya ninautumia kidogo, na kwa matawi mabichi pekee. Tawi la mgunga likishageuka kahawia halipindi, linavunjika. Chukua waya wa shaba wa umeme wa nyumba, ule wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, uchune plastiki yake, uweke juu ya jiko la makaa mpaka uwe mwekundu, uuache upoe. Utakuwa laini, na ukishauzungusha kwenye tawi utakuwa mgumu wenyewe. Miiba inayozuia njia ya waya punguza ncha kwa kikata kucha, mingine iachwe, kwani mgunga bila miiba ni mti gani? Vaa miwani. Wakati wa mvua kagua kila wiki, kwa kuwa tawi hunenepa haraka na kovu la waya halifutiki upesi. Mimi hupenda zaidi kulivuta tawi kwa mshipi wa kuvulia uliofungwa kwenye ukingo wa chungu, huku kipande cha tyubu ya baiskeli kikilinda gome.

Sebuleni usiuweke. Wageni wakija, uingize kwa siku moja, kisha urudi juani.

Haya, tumefika kwenye sahani. Shina limenenepa, matawi makuu yamekaa, basi mwanzoni mwa masika punguza mizizi, isizidi thuluthi kwa mara moja, uhamishe, na uweke mti kivulini wiki mbili. Sahani unaweza kuifinyanga kwa saruji juu ya karai lililopinduliwa, na matundu mawili ya kutolea maji yawe makubwa ya kupitisha kidole, yazibwe kwa wavu. Ila saruji mpya hutoa chokaa inayochoma mizizi. Izamishe kwenye pipa la maji, ubadilishe maji kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, kisha iache juani ikauke. Ikiwa bado inatoa ungaunga mweupe, irudishe majini, mti usubiri kwenye debe lake.