Umeniuliza bei ya mashine, mimi nakujibu kuhusu kadi za mchango

Wiki iliyopita niliweka picha za kadi za send-off nilizomtengenezea dada mmoja hapa Morogoro. Karatasi nimeitengeneza kwa mikono yangu, na chembe za majani ya chai zinaonekana humo ndani. Pongezi zilikuja nyingi, nashukuru. Lakini inbox imejaa swali moja: "Dada, hiyo mashine umenunua shilingi ngapi?"

Mashine! Mashine yangu ni beseni, kinu na fremu mbili za mbao alizonipigia fundi wa mtaani. Moja imekazwa wavu wa dirishani ule wa kuzuia mbu, nyingine iko wazi, inakaa juu yake kushika kingo. Basi.

Mimi nilianzia kwenye droo. Mume wangu ana ndugu wengi na marafiki wengi kuliko ndugu, na mnajua ilivyo nchi hii: harusi, kitchen party, kipaimara, kila jambo na kadi yake ya mchango. Droo ikagoma kufunga. Nikaanza kukata sehemu nyeupe za nyuma na kuandikia orodha ya sokoni. Bahasha nikawa nazibandua taratibu, nageuza ndani ikawa nje, nagundisha kwa uji wa unga wa ngano, zinatumika tena. Madaftari ya watoto yakiisha mwaka na kurasa nyeupe nyuma, nazichomoa na kuzishona pamoja, wanafanyia hesabu za majaribio. Haya hayahitaji hata maji, ndugu yangu. Karatasi itumie kwanza ikiwa bado karatasi, kwa sababu kila unapoiponda nyuzi zake zinakatika na kuwa fupi, na nyuzi fupi hutoa karatasi dhaifu.

Wifi yangu mmoja aliona magunia yangu ya makaratasi ukumbini, akasema kwenye kikao cha familia, watu wamejaa: "Kaka yetu siku hizi anaishi na muokota makaratasi." Walicheka. Nami nilicheka, ningefanyaje? Sijasahau, na sioni sababu ya kusahau.

Sasa kazi yenyewe. Siri ni kuchambua. Narudia, kuchambua. Karatasi za daftari na za printa hutoa karatasi nyeupe, safi. Boksi hutoa ya kaki, imara, maana mti wake ulipikwa kwa kemikali na nyuzi zikabaki ndefu. Gazeti ni mti uliosagwa tu, lignini, ile gundi ya asili ya mti, bado imo, ndiyo maana likikaa juani linageuka manjano. Wino wake nao hukupa ukijivu. Mimi nachanganya gazeti kidogo tu. Trei za mayai zinalainika haraka, lakini hizo tayari zimetokana na karatasi chakavu, kwa hiyo lazima uzitie nguvu kwa boksi.

Gazeti lililofungiwa mihogo ya kukaanga ni la kuwashia jiko, mafuta hayaachi nyuzi zishikane. Risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, usiziguse kabisa: zile hazina wino, zimepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipata joto, na hutaki kuishika kwenye maji kutwa nzima. Na kadi za kung'aa mara nyingi zina plastiki juu. Utaloweka mpaka uchoke.

Chana vipande vidogo, loweka usiku kucha, twanga mpaka uwe uji mwepesi. Tia wanga wa muhogo uliopikwa, kidogo, ili wino usisambae utakapoandika. Mimina kwenye beseni lenye maji mengi, zamisha fremu, inua ikiwa imelala sawa, tikisa kidogo, maji yachuje. Pindulia juu ya kanga kuukuu, kandamiza kwa sponji, anika kivulini. Ikikauka piga pasi. Za kwanza zitakuwa nene hapa, nyembamba pale. Chambua vizuri, loweka vizuri, utazoea.

Vijana wenzangu, tatizo letu tunataka kununua kabla ya kujua. Mtu hajawahi kulowesha hata ukurasa mmoja, anaulizia mkopo wa mashine! Mwingine anaona haya kuonekana na gunia la maboksi, lakini haoni haya kukopa hela ya vocha. Ukichekwa, endelea kuchambua. Nimechekwa na watu wanaokula nyumbani kwangu, na nipo.

Jambo la mwisho ni hela, maana najua ndilo mlilolingoja. Usitaje bei kwa kunong'ona. Pokea nusu kabla hujaloweka chochote, awe rafiki, jirani au wifi. Yule wifi yangu alikuja mwezi uliopita, binti yake anaolewa, anataka kadi "kama zile za picha". Nikamtajia bei ileile ninayowatajia wengine. Alilipa yote siku hiyohiyo, na maboksi ya kutengenezea akaleta mwenyewe.