Muulize Babu Fundi: Mashine Inayojua Kusimama

Mwezi huu nimezifunga pamoja barua nne, maana zote zinaelekea Japani. Za pampu na jenereta zitasubiri. Wenyewe mniwie radhi.

Shikamoo Babu Fundi. Nafanya kazi kiwanda cha vinywaji. Meneja wetu alikwenda semina akarudi na mabango ya S tano, zile hatua za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, na neno kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo. Sasa kila asubuhi tunafagia na kupanga spana, halafu anatuambia Wajapani walizaliwa na nidhamu, sisi tutaigiza mpaka kiama. Mashine ikianza kutoa chupa mbovu, tunakatazwa kuizima kabla zamu haijaisha. Kweli mambo haya yalianza na ufagio? — Mpanga kreti, Dar es Salaam

Marahaba, mjukuu wangu. Hayakuanza na ufagio. Yalianza na uzi uliokatika.

Sakichi Toyoda alikuwa mtoto wa seremala kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Shizuoka, na mama yake alifuma nguo nyumbani. Hati yake ya kwanza ya uvumbuzi aliipata mwaka 1891, kwa mtambo wa mbao wa kufumia kwa mkono. Mwaka 1896 akatoa mtambo unaoendeshwa kwa nguvu ya mvuke, na ndani yake akaweka kitu kidogo ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko mtambo wenyewe: uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana wa kitambaa, ukikatika, mtambo unasimama bila kuambiwa na mtu.

Kama hujawahi kukanyaga ukumbi wa kufumia, hutaona ajabu yake. Uzi ukikatika mashine ikaendelea, inafuma hewa. Kitambaa kinatoka na mwanya, na mwanya ule hauzibiki. Ndiyo maana kila mtambo ulitaka mtu wa kuukodolea macho kutwa. Ukiweza kusimama wenyewe, mtu yule anakuwa huru kuhudumia mingine. Mtambo wa Sakichi wa mwaka 1924, ule wa aina ya G, mfumaji mmoja aliweza kuangalia thelathini na zaidi. Platt Brothers wa Oldham, Uingereza, waliokuwa majogoo wa mitambo hiyo duniani, walinunua haki ya kuutengeneza mwaka 1929 kwa pauni 100,000. Mwanafunzi akamuuzia mwalimu.

Jambo hilo wanaliita jidoka. Ni neno la kawaida la mashine kujiendesha, ila akina Toyoda huliandika kwa kuongeza alama ya mtu ndani ya herufi moja. Mashine ijiendeshe, lakini iwe na akili ya mtu: ikiona mambo yameharibika, isimame.

Nikuambie yangu. Nilianza kazi mwaka 1978 kwenye kiwanda cha nguo ambacho sitakitaja. Mashine zetu zilikuwa na kifaa hichohicho cha kusimamisha. Nilikuta vingi vimefungwa kwa waya visifanye kazi, maana bonasi ya zamu ilihesabiwa kwa yadi, na mashine iliyosimama haitoi yadi. Yadi tulizipata. Kitambaa kilitoka na michirizi kama mgongo wa punda milia. Siku moja nilifungua waya kwenye mashine sita. Jioni nikapewa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, imejikunja sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.

Sasa twende kwenye magari. Mtoto wa Sakichi, Kiichiro, alianzisha kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937. Aliyelihamishia huko lile wazo la uzi hasa ni Taiichi Ohno, na huyu alikuwa mtu wa nguo kama mimi: aliajiriwa mwaka 1932 kwenye kampuni ya akina Toyoda ya kusokota na kufuma, akahamia magari mwaka 1943. Alipoingia karakana akakuta kila mashine ina fundi wake, amesimama anaitazama ikikata chuma. Kwa aliyezoea kuona binti mmoja na mitambo lukuki, ilikuwa kama kumkuta mtu ameajiriwa kutazama sufuria ichemke. Akazisogeza mashine karibu karibu, fundi mmoja ahudumie mbili, baadaye tatu na nne. Wenyewe walinuna sana. Kila mmoja alikuwa bingwa wa mashine yake na hakutaka ya jirani.

Hiyo nidhamu ya kuzaliwa nayo anayoisema meneja wako ilikuwa wapi mwaka 1950? Mwaka huo Toyota ilikuwa inakaribia kufa. Serikali ilikuwa imebana fedha, magari hayanunuliki, mabenki yanadai. Wafanyakazi waligoma, zaidi ya 1,500 wakaondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Mwezi huohuo wa Juni vita vya Korea vikaanza, jeshi la Marekani likaagiza malori, kampuni ikapumua. Waliobaki walijifunza kitu kimoja kwa uchungu: hawana fedha ya kulaza stoo. Ford wa Marekani aliweza kupiga bodi za aina moja kwa maelfu na kuzirundika, kwa kuwa alikuwa na soko la kuzimeza. Japani ilitaka lori kidogo, teksi kidogo, pikapu kidogo. Ukitengeneza kidogo kidogo, lazima uweze kubadilisha upesi kalibu ya mashine, ile inayokipa chuma umbo, na kalibu zile ni vyuma vizito vya kunyanyuliwa kwa winchi. Mhandisi Shigeo Shingo amesimulia jinsi Toyota ilivyokuwa ikitumia saa nne kubadilisha kalibu kwenye mashine moja ya tani 1,000, na jinsi walivyofika dakika tatu kuelekea mwaka 1970. Hakuna muujiza hapo. Waligundua kwamba kazi nyingi zilizofanywa mashine ikiwa imezimwa, kama kutafuta boliti na kusogeza kalibu mpya, zingeweza kumalizwa kabla haijazimwa.

Hapo ndipo ufagio wako unapoingia. Unapanga spana ili mkono usitafute. Hapa Tanzania wengi wamezijua S tano kupitia hospitali, tangu ya rufaa Mbeya ilipoanza nazo mwaka 2007: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ni kazi njema. Lakini kufagia chini ya mashine usiyoruhusiwa kuizima ni kupaka rangi nyumba inayovuja.

Na kuhusu damu ya Kijapani, kuna kiwanda cha Fremont, California. General Motors walikifunga mwaka 1982: wafanyakazi watoro, migogoro isiyoisha, magari mabovu. Mwaka 1984 kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chama chao kilekile. Juu ya vichwa vyao ikatundikwa kamba ambayo mfanyakazi yeyote aliweza kuivuta akiona kasoro. Kiongozi wake anakuja mbio. Wasipolimaliza tatizo kwa muda uliopangwa, mstari unasimama. Kabla miaka miwili haijaisha, magari yao yakawa yanalinganishwa na ya Japani. Kilichobadilika ni kamba, na kwamba aliyeivuta hakupewa barua ya onyo.

Meneja wako usimwambie haya mbele za watu. Mpelekee hesabu ya chupa mbovu za wiki moja, na saa kila tatizo lilipoanza kuonekana.

Mheshimiwa Mhariri, mhadhiri wetu anasema ubora wa Japani ni kazi ya Mmarekani, Deming. Rafiki yangu anasema ni ya Toyota. Nani kweli? — Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi

Mimi si mhariri wala mheshimiwa, lakini nitajibu.

Ni mito miwili, ikaja kukutana. Bidhaa za Japani kabla ya vita zilijulikana kwa bei, hazikujulikana kwa uimara. Vitambaa vyao vya pamba vilijaa Afrika Mashariki miaka ya 1930 kwa kuwa vilikuwa rahisi kuliko vya Manchester. Baada ya vita, Wamarekani waliokuwa wakiitawala nchi walikerwa na simu na redio zinazokufa ovyo, wakaanza kuwafundisha watengenezaji udhibiti wa ubora. Mwaka 1946 Wajapani wenyewe wakaunda Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi, na umoja huo ndio uliomwalika W. Edwards Deming mwaka 1950 afundishe Tokyo kwa siku nane.

Alichofundisha kilikuwa takwimu. Mizizi yake ni chati ya Walter Shewhart wa Bell, kampuni ya simu ya Marekani, ya mwaka 1924: unapima kipande baada ya kipande, unaweka nukta kwenye karatasi, na chati inakuonyesha lini tofauti ni ya kawaida ya mashine na lini kuna jambo geni limeingia. Ukiishajua hilo, huachi tu kumkaripia mfanyakazi kwa kosa la mashine. Unajua pia pa kuanzia kutafuta. Deming aliwabana na wakubwa wa makampuni, akawaambia mambo haya ni yao, wasiwasukumie wakaguzi. Hotuba zake zilichapwa zikauzwa, akakataa kuchukua malipo yake, na fedha hiyo ikaanzishia Tuzo ya Deming mwaka 1951.

Ila mhadhiri wako asiishie hapo. Mwaka 1954 alikuja Mmarekani mwingine, Joseph Juran, akawafundisha mameneja. Na Kaoru Ishikawa, mwenyeji, ndiye aliyelitoa somo ofisini akalipeleka karakana. Mchoro wake wa mifupa ya samaki unaujua: kichwa ni tatizo, mifupa ni sababu. Kuanzia mwaka 1962 yakaenea makundi madogo ya wafanyakazi wanaokaa pamoja kuchambua kasoro za kazi yao wenyewe. Mimi nikiulizwa, hicho ndicho Wajapani walichoongeza. Mmarekani alileta chati. Wao wakampa penseli mtu wa mashine.

Toyota wenyewe walikuja kuishindania tuzo hiyo wakaipata mwaka 1965. Marekani nayo ilimsahau Deming mpaka mwaka 1980, televisheni ilipomwonyesha akiwa anakaribia miaka themanini. Ndipo simu yake ikaanza kulia.

Assalamu alaikum Babu. Nina duka la spea za magari. Kijana wangu amesoma biashara, anataka tusiweke mali stoo, tuagize mteja akija. Anasema ndivyo Toyota wanavyofanya. — Mama Spea, Mombasa

Waalaikumu salaam, mama. Kijana hajakosea kitabu, amekosea barabara.

Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu, na mbaya kuliko zote aliuona ule wa kuzalisha kabla ya kuhitajiwa, kwa sababu unazaa mingine. (Upotevu kwa Kijapani ni "muda". Niliposikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu.) Dawa yake aliifananisha na duka kubwa la Kimarekani: mteja anachukua rafuni, muuzaji anajaza kilichochukuliwa, basi. Kuanzia mwaka 1953 kwenye karakana yake kadi ndogo, kanban, ikawa ndiyo oda. Kadi ikirudi, tengeneza. Kadi isiporudi, usitengeneze hata kama mikono inawasha.

Lakini angalia, rafu lile halikuwa tupu. Lilikuwa na kiasi kilichohesabiwa. Na wauzaji wengi wa Toyota wako miji ya jirani, lori linakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Spea zako wewe zinavuka bahari, kisha zinasubiri bandarini.

Hata wao yaliwafika. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin, mjini Kariya, kiliungua. Kilitengeneza valvu ndogo ya breki, na karibu zote za Toyota zilitoka hapo. Akiba ilikuwa ya saa chache. Siku chache baadaye karibu mistari yote ya Toyota nchini ilikuwa imesimama. Kilichowaokoa ni watu: makampuni mengi, makubwa na madogo, yaligawana michoro na kuanza kuchonga valvu popote palipokuwa na mashine. Hata Brother, wale wa cherehani, walichonga. Ndani ya wiki moja hivi magari yakaanza kutoka tena.

Kwa hiyo, mama, mwambie kijana aandike kila spea inayotoka kwa miezi mitatu. Breki, plagi na filta weka za kutosha mpaka meli ijayo, na uongeze kidogo kwa ajili ya bandari. Ile milango na taa za gari ambalo hupita dukani mara moja kwa mwaka, hapo msikilize: agiza mteja akija, tena akiwa ameacha arubuni.

Babu, nashona sare za shule na wasichana wanne. Kila mara shati moja mbili zinatoka bila kifungo cha mkononi. Nimegomba, nimekata posho, wapi. Wajapani wako wana dawa? — Fundi cherehani, Tanga

Wanayo, na haigharimu kitu.

Mwaka 1961 Shingo aliitwa kwenye kiwanda cha Yamada, walikokuwa wakiunganisha swichi ndogo yenye vitufe viwili, chini ya kila kitufe springi. Kila mara wafanyakazi walisahau springi moja, na kila mara bosi aligomba kama wewe. Shingo alileta kisahani. Kabla ya kuanza swichi, mfanyakazi anatoa springi mbili boksini na kuziweka kisahanini. Akimaliza, kisahani kikiwa na springi, anajua papo hapo swichi haijakamilika.

Mbinu hizi mwanzo ziliitwa kinga ya mjinga. Mwaka 1963 mfanyakazi mmoja wa kike aliposikia jina hilo alilia, akauliza kama yeye ni mjinga, na Shingo akalibadilisha likawa poka-yoke, kinga ya kuteleza. Hivyo na posho za mabinti zirudishe kwanza.

Shati lako lina vifungo vingapi? Tuseme saba mbele, viwili mikononi. Tafuta visahani vinne vya kahawa. Kila shati likianza, vifungo tisa kisahanini, boksi la vifungo lifungwe. Shati lisikunjwe kabla kisahani hakijawa kitupu. Kifungo kikianguka chini ya meza, kitafutwe hapohapo, usikubali kingine kitolewe boksini.