Jeni za kiinitete na saratani ya ngozi

Swali: Daktari, nimesoma kwamba jeni zinazounda mwili wa mtoto tumboni huchochea saratani ya ngozi. Jeni iliyomaliza kazi kabla ya kuzaliwa inawezaje kumdhuru mtu wa miaka 60, na je, haiwezi kuzimwa kwa dawa?

Jibu: Jeni hizo hazimalizi kazi tunapozaliwa. Mfano ulio wazi zaidi ni Hedgehog, iliyotambuliwa kwa nzi wa matunda na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus katika utafiti wa mwaka 1980, ambao baadaye, mwaka 1995, uliwapatia Tuzo ya Nobel. Tumboni, ishara yake huongoza uundwaji wa ubongo, vidole na vinyweleo. Kwa mtu mzima huamka tena kila unywele mpya unapoanza kuota, kisha hutulia.

Kinachoituliza ni protini iitwayo Patched, ambayo huizuia protini nyingine, Smoothened, isiamuru seli kugawanyika. Nakala zote mbili za PTCH1, jeni inayotengeneza Patched, zikiharibika, aghalabu kwa mionzi ya jua, breki hiyo hupotea na Smoothened huendelea kuamrisha hata pasipo ishara yoyote. Hivyo ndivyo zinavyoanza saratani nyingi za seli za tabaka la chini la ngozi. Mwaka 1996 ilithibitika kwamba wenye ugonjwa wa kurithi wa Gorlin, ambao hupata uvimbe wa aina hii mwingi wakiwa bado vijana, huzaliwa na nakala moja iliyokwisha kuharibika. Chini ya hadubini uvimbe huo huonekana kama vishada vya seli zenye viini vilivyokoza rangi, zile za pembezoni zikiwa zimejipanga safu, mpangilio unaofanana mno na chipukizi la unywele katika ngozi ya kijusi.

Dawa ipo. Vismodegib, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2012, huishika Smoothened yenyewe, na hutolewa pale ambapo saratani imesambaa au haifai kupasuliwa. Hukaza misuli, hunyonyoa nywele na kuondoa ladha mdomoni. Mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia, kwa kuwa kijusi kinaitegemea ishara hiyohiyo.

Naomba, hata hivyo, isidhaniwe kuwa tiba ya kila saratani ya ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino Afrika Mashariki huugua zaidi saratani ya seli bapa, ambamo jeni nyingine ya ukuaji, NOTCH1, mara nyingi huwa imepoteza uwezo wake, na dawa ya kuzima haina cha kuzima hapo. Kwao, kidonda cha usoni au shingoni kisichopona kichunguzwe na kukatwa kingali kidogo.